Tumbo la gari na mawe ya Goma: historia ya magari madogo katika barabara za Kivu

GOMA – Asubuhi ya tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya volkano Nyiragongo kulipuka, wakaaji wa mitaa mingi ya Goma waliamka na tangazo la gavana wa kijeshi: waondoke, sababu moto wa chini ya udongo ungeweza kutokea ndani ya mji ao chini ya ziwa. Saa chache tu, barabara ya kwenda Sake ilijaa. Kulikuwa jipu, Fuso, pikipiki, chukudu zenye magodoro, na watu wa miguu wenye watoto mgongoni. Katikati yao kulikuwa magari madogo, yale ambayo watu wa Goma wanaita vuatiri, yamebeba watu saba ao nane mahali pa watano, mizigo juu, mizigo nyuma.

Mwenye kuangalia vizuri magari hayo aliona jambo moja. Nyuma yalikuwa yameketi kabisa. Kati ya chuma cha chini na barabara kulibaki nafasi ndogo sana. Na mbele ya Sake, lami inaisha na milima ya Masisi inaanza.

Nafasi hiyo ndogo ina historia ndefu. Ni historia ya viwanda vya mbali, ya makantonye wa wakati wa Wabelgiji, ya vita, ya volkano, na ya magari yaliyovuka bahari kabla ya kufika Kivu. Kwa familia inayohama ao inayorudi kijijini, nafasi hiyo ndiyo inasema gari litawashusha mlangoni ao litawaacha kilomita kumi mbele ya kufika.

Nafasi hiyo ni nini

Mekanisiani wakisema gari «liko chini», hawaangalii paa wala milango. Wanainama na kuangalia tumbo. Kimo cha tumbo ni umbali kutoka udongo mpaka kitu cha chini kabisa kilichofungwa kwenye gari, pasipo kuhesabu magurudumu. Katika magari mengi madogo, kitu hicho ni bomba la moshi, ao chuma kinachobeba moteri, ao karta, yaani bakuli ya chuma inayoshika mafuta ya moteri.

Gari dogo la kawaida lina kimo cha sentimita 13 mpaka 16 hivi. Jipu ndogo kama RAV4 inakaribia 19. Land Cruiser za mashirika, zile ngumu za kazi, zinapita 22. Tofauti kati ya la kwanza na la mwisho ni kama upana wa kiganja. Kwa kiganja hicho, mmoja anafika na mwingine anabaki njiani.

Magari ya kwanza yalisimama juu

Gari halikuzaliwa likiwa chini. Mwaka wa 1908 Henry Ford alipoanza kuuza gari lake la Model T huko Marekani, barabara nyingi za vijiji vya kule zilikuwa za udongo, zenye mifereji iliyochimbwa na mikokoteni ya farasi. Kwa hiyo Ford alilipa gari lake magurudumu marefu na membamba, na tumbo lililosimama sentimita 25 hivi juu ya udongo. Kimo hicho kinapita cha jipu nyingi za leo. Mkulima angeweza kupita nalo katika njia ya ng'ombe.

Wazungu waliotaka kuvuka Afrika kwa gari waliogopa udongo hata zaidi. Katika mwaka wa 1924 na 1925, kampuni ya Ufaransa Citroën ilituma msafara wa magari kutoka Algeria mpaka Madagaska, na msafara huo ulipita Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Magari hayo hayakuwa na magurudumu ya kawaida nyuma. Yalitembea juu ya mikanda ya mpira, karibu kama katapila. Watengenezaji walijua kwamba gari la mjini Paris halingefika.

Kisha nchi tajiri zikatia lami. Barabara ikiwa laini, mtengenezaji hana tena sababu ya kuinua gari. Gari la chini linakata upepo vizuri, linakula mafuta kidogo, na halipinduki upesi kwenye kona. Watengenezaji wakaanza kuunganisha sakafu na mwili wa gari kuwa kitu kimoja, badala ya kuweka mwili juu ya fremu nzito ya chuma. Sakafu ikashuka, abiria wakashuka, tumbo likashuka. Kila gari likawa picha ya barabara ya nchi lilikotengenezwa.

Si wote waliosahau udongo. Citroën hiyo hiyo ilionyesha gari la 2CV mwaka wa 1948. Lilikusudiwa mkulima, na sharti moja lililojulikana sana ni kwamba liweze kuvuka shamba lililolimwa likiwa na kikapu cha mayai, pasipo yai hata moja kupasuka. Mwaka wa 1955 kampuni hiyo ilileta DS, ambayo shofa aliweza kuinua tumbo lake kwa kuvuta mkono mmoja ndani ya gari. Ni magari machache sana yaliyofuata mfano huo, sababu inaomba vyombo vya bei na fundi anayevijua.

Wakati wa makantonye

Wazee wa Rutshuru na wa Masisi wanakumbuka neno kantonye. Wakati wa ukoloni, barabara za udongo za Kivu zilitunzwa kwa mikono ya wanakijiji. Kila kijiji cha kando ya barabara kilipewa sehemu yake. Watu walijaza mashimo, walifungua mifereji ya maji, walikata majani. Kazi hiyo haikuwa zawadi. Ilikuwa ya lazima, chini ya chifu na mtawala wa Kibelgiji, na asiyefanya aliazibiwa. Barabara nzuri ambayo wengine wanaisifu leo ilijengwa juu ya jasho hilo, na haifai kulisahau.

Lakini matokeo yake kwa gari yalionekana. Barabara iliyosawazishwa mara kwa mara haina kilima katikati. Maji yanakwenda pembeni, mashimo hayakui. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925 kwa jina la Parc Albert, ilipokea watalii waliokuja kwa gari mpaka Rwindi. Gari dogo liliweza kusafiri mbali, si kwa sababu lilikuwa na nguvu kuliko la leo, lakini kwa sababu mtu fulani alikuwa amepita na jembe mbele yake.

Kuna jambo lingine ambalo magari ya wakati ule yanafundisha. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka wa 1953 katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen ndogo ya mgongo wa mviringo ilishinda mwaka wa kwanza na wa pili. Peugeot 404 ilishinda mara nne, mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968. Hayakuwa jipu. Yalikuwa magari ya familia. Volkswagen ilikuwa nyepesi, moteri yake iko nyuma, na chini sakafu yake ilikuwa sawa kama meza: kulikuwa vitu vichache vya kunaswa na jiwe. Peugeot ilikuwa na chemchemi laini na ndefu zilizomeza mashimo. Kimo cha tumbo ni kitu kikubwa, lakini hakifanyi kazi peke yake.

Fuso zinachora njia

Kisha uhuru, uasi wa miaka ya 1960, na miaka ambapo pesa za barabara zilipungua. Ofisi ya barabara ya serkali, Office des Routes, iliundwa mwaka wa 1971, lakini mashine na mafuta havikutosha kwa nchi kubwa namna hii. Leo Kongo inahesabu kilomita 58,000 hivi za barabara za taifa na za majimbo, na sehemu yenye lami ni kama kilomita 3,000 tu. Makantonye walibaki katika vijiji vichache. Vita vya miaka ya 1990 na vilivyofuata vilimaliza kazi.

Mfano mmoja unaonyesha mambo yalifika wapi. Karibu na Walikale, kwenye barabara ya Bukavu-Kisangani, kulibaki kipande kizuri cha lami mahali panapoitwa Kilambo. Magari yalikuwa machache sana hata ndege ndogo zikaanza kutua juu yake ili kubeba madini. Barabara ilikuwepo, lakini pande zake mbili hazikufikika tena kwa urahisi.

Barabara isipotunzwa, haibaki bila mwenye kuitengeneza. Inatengenezwa na gari linalopita mara nyingi zaidi, na katika Kivu gari hilo ni Fuso. Mvua ikinyesha, magurudumu ya Fuso yanakata mifereji miwili ndani ya matope. Udongo unaosukumwa unapanda katikati na kuwa mgongo. Jua likiwaka, mgongo huo unakauka na kuwa mgumu kama tofali. Fuso ya pili inafuata mifereji ile ile na kuichimba zaidi. Kwa Fuso hakuna shida, tumbo lake liko juu sana. Lakini gari dogo likiingia humo, magurudumu yake yanashuka ndani ya mifereji na tumbo linapanda juu ya mgongo. Magurudumu yanazunguka bure. Mashofa wanasema gari «limeketi».

Hapo ndipo watoto wa kijiji wanatokea na majembe, na safari inaanza kuhesabiwa kwa franga.

Magari kutoka Japani

Wakati barabara zilikuwa zinaanguka, magari yalikuwa yanaongezeka, na haya ni mambo mawili yanayoonekana kupingana. Sababu ni biashara ya magari yaliyotumiwa huko Japani. Yanashuka bandarini Mombasa ao Dar es Salaam, yanapita Uganda ao Rwanda, na kuingia Kivu. Ndiyo maana magari mengi ya Goma, Bukavu na Butembo yana usukani kuume, ingawa Kongo watu wanatembea upande wa kuume wa barabara na usukani ungepaswa kuwa kushoto.

Corolla, Carina na ndugu zao walipendwa kwa haki. Vipande vyao vinapatikana, mekanisiani wote wanawajua, mafuta hawali sana. Yalifanya baba wa familia kuwa shofa wa taksi na kusomesha watoto. Lakini yalitengenezwa kwa lami ya Japani. Gari la namna hiyo linafika Goma likiwa tayari na miaka mingi, chemchemi zake zimechoka, na sentimita 15 za kitabu zimekuwa 13 kabla hata abiria wa kwanza hajapanda.

Makoro

Goma iliongeza shida ambayo miji mingine haina. Nyiragongo ililipuka tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, na ziwa lake la moto lilimwagika kwa muda unaopungua saa moja. Ililipuka tena tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Mara hiyo moto ulivuka katikati ya mji mpaka ziwa Kivu, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na katika mitaa fulani ulifikia kimo cha mita mbili. Watu 120,000 hivi walipoteza nyumba. Watu walivuka juu ya mawe kabla hayajapoa vizuri. Kisha mashine zikasawazisha, na barabara mpya ikapita juu ya barabara ya zamani. Mwaka wa 2021 moto ulikata barabara ya taifa namba 2, upande wa Rutshuru, na kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege.

Mawe hayo, makoro, hayafanani na mawe ya mtoni. Yana ncha kama chupa iliyovunjika. Udongo ukigusa karta unasugua. Koro likigusa karta linatoboa. Mafuta ya moteri yanamwagika njiani, taa nyekundu inawaka, na shofa anayesema «nifike kwanza nyumbani» anaua moteri katika dakika chache. Gari liliokombolewa kwa akiba ya miaka mitano linakufa kwa jiwe la sentimita 14.

Haishangazi kwamba chombo ambacho Goma ilikifanya sanamu, kwenye mzunguko wa barabara, si gari. Ni chukudu, iliyochongwa kwa mbao na watu wa Kivu wenyewe. Ina magurudumu mawili na mstari mmoja tu wa kupita, na mwenyewe anachagua mahali pa kupitisha gurudumu. Ni chombo kilichotengenezwa na watu walioitazama barabara yao kwanza.

Historia hii inamfundisha nini mnunuzi

Mtu anayetaka gari dogo hapaswi kuuliza tu bei na mwaka. Kuna kipimo rahisi. Achukue karatasi ya A4, ile ya mashine ya kukopia, na kuikunja katikati. Upande mfupi sasa ni karibu sentimita 15, upande mrefu ni 21. Aiweke chini ya gari, mahali panapoonekana kuwa chini zaidi, kwanza likiwa tupu, kisha watu watano wakiwa ndani. Kama upande mfupi haupiti tena watu wakiwa ndani, gari hilo ni la lami. Linaweza kufanya taksi katika barabara kubwa za mji. Lisitumainiwe kwenda Masisi.

Aangalie pia umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Magari mawili yenye kimo kimoja hayapiti mgongo wa barabara sawasawa. Lenye mwili mrefu linagusa katikati mbele ya lile fupi. Aangalie pua na mkia: bampa inayoning'inia inagusa mteremko kabla gurudumu halijafika. Na ainame kutafuta karta: kama ina alama za kuchomelewa, gari hilo limekwisha kuongea na makoro.

Wengi wanaenda garaji kuinua gari. Magurudumu makubwa yanasaidia, lakini kipenyo kikiongezeka kwa sentimita 2, tumbo linapanda sentimita 1 tu, na tairi lisigusane na mwili likikata kona. Kutia vipande vya chuma juu ya chemchemi kunainua zaidi, lakini kunapinda miti inayozungusha magurudumu na kuiharibu upesi, na gari linayumba kwenye kona. Kinga ya bei ndogo na ya faida ni bati nzito lililofungwa vizuri chini ya karta. Haliongezi kimo, lakini linapokea pigo.

Kwa shofa, mafunzo ni ya zamani kuliko lami. Jiwe lililo katikati ya njia halipitwi katikati ya magurudumu. Gurudumu lipande juu yake pole pole, na tumbo litapanda pamoja nalo. Ikiwa jiwe lina ncha kali, linaepukwa ao linaondolewa kwa mkono. Penye mifereji ya Fuso, gurudumu moja litembee juu ya mgongo na lingine pembeni. Tuta livukwe kwa mshazari kidogo, gurudumu moja kisha lingine. Shofa asipige freni juu ya shimo, sababu freni inainamisha pua. Na penye hatari, abiria washuke. Watu wanne wakishuka, gari linarudishiwa sentimita ambazo hakuna garaji inayoziuza.

Familia na safari ya kurudi

Jambo hili si la wenye magari peke yao. Mwanzo wa mwaka wa 2025, kambi za wahami za kandokando ya Goma zilipobomolewa, familia nyingi zilichukua njia ya Masisi, ya Rutshuru na ya Nyiragongo. Wamoja walipanda Fuso, wengine walitembea. Familia zinazokodi vuatiri kwa pamoja, kwa sababu ya mgonjwa ao mama mwenye mtoto mchanga, zinapaswa kujua kitu kimoja mbele ya kulipa: ni wapi gari litaishia. Mapatano yafanywe kabla ya safari, na bei isemwe kwa mahali ambapo gari linafika kweli. Mgonjwa akishushwa usiku mahali lami inapoisha, hasara haihesabiwi kwa franga tena.

Henry Ford aliinua gari lake sababu aliiangalia barabara ya mkulima. Wajapani walishusha magari yao sababu waliangalia lami yao. Kantonye alisawazisha mgongo wa barabara kwa jembe, kwa lazima, na gari dogo likapita. Siku ambayo barabara ya Sake-Masisi itatunzwa tena, kwa mshahara na si kwa fimbo, sentimita 15 zitatosha. Mpaka siku hiyo ifike, karatasi iliyokunjwa katikati haigharimu kitu, na inafaa kuingia chini ya gari kabla ya franga kutoka mfukoni.